Sindano, Nguo na Injili: Ushonaji katika Historia ya Misheni ya Mpwapwa

Mwanafunzi wa theolojia anapofungua sura ya Mpwapwa katika vitabu vya historia ya Kanisa hukuta mambo yaleyale. Hukuta mwaka 1876, ambapo watu wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza (CMS), wakiwa safarini kwenda Buganda, waliweka kituo chini ya milima ya Mpwapwa. Hukuta mwaka 1878, ambapo Dkt. E. J. Baxter na J. T. Last walikianzisha upya kituo hicho. Hukuta J. C. Price akitafsiri sehemu za Maandiko katika Kigogo, na Henry Cole akikaa Kisokwe na kuandika habari za desturi za Wagogo. Hukuta pia tarehe za ubatizo, majina ya maaskofu, na makaburi. Jambo asilolikuta ni sindano.

Huenda msomaji akadhani kwamba tunafanya mzaha. La hasha. Katika miaka ile nguo ilikuwa fedha ya njiani, ujira wa kibarua, zawadi ya mtemi na vazi la mbatizwa. Ushonaji ulikuwa somo la wasichana katika shule za misheni, na baadaye ukawa kiini cha vikundi vya akina mama ambavyo hata leo ndivyo vinavyobeba nusu ya uhai wa usharika. Kuandika historia ya Kanisa la uwanda wa kati bila kutaja uzi na kitambaa ni kuandika habari za shamba bila kutaja jembe. Katika makala haya tunakusudia kuutafuta uzi huo, tukianzia Mpwapwa. Sisi Walutheri tuliingia sehemu za kati baadaye, kwa njia ya Leipzig na kisha Augustana huko Iramba na Singida. Kwa hiyo hapa tunaingia katika nyumba ya jirani, na tunabisha hodi kwa heshima. Lakini yaliyotokea katika nyumba hiyo yalitokea kwetu pia.

Njia ya nguo

Kabla ya kuwa kituo cha misheni, Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipumzika hapo, ikajaza maji na kununua nafaka, kwa sababu mbele yake kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji mazuri. Na ng'ambo ya nyika hiyo kulikuwa na Ugogo na watemi wake waliodai hongo. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wote wamejaza kurasa wakiilalamikia hongo hiyo. Wageni waliiona kuwa unyang'anyi. Mtemi mwenye visima katika nchi ya ukame angeweza kuiita bei ya maji, na sisi hatuoni sababu ya kuwasikiliza wenye kalamu peke yao.

Hongo ililipwa hasa kwa nguo. Nguo ilikuwa na vipimo vyake, ambavyo kila mpagazi alivijua kwa moyo. Mikono minne, yaani yadi mbili hivi, ilikuwa shuka moja. Shuka mbili zilifanya doti. Na jora la merikani lilikuwa na yadi kama 30. Merikani ilikuwa nguo nyeupe isiyopaushwa. Kaniki ilikuwa nguo iliyotiwa rangi ya nili, karibu nyeusi. Kulikuwa na nyingine nyingi za rangi na mistari, na kila mtemi alikuwa na ladha yake, kiasi kwamba msafara uliobeba nguo zisizopendwa mwaka ule ulikuwa umebeba mzigo wa bure.

Jina la merikani lastahili kusimamishwa kidogo. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Zanzibar na merikebu za mji wa Salem. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi mdogo wake wa kwanza, Richard Waters, alifika Zanzibar mwaka 1837. Pamba ya viwanda hivyo ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani, ambako ilichumwa na watumwa waliokuwa wana na wajukuu wa Afrika. Nguo iliyofumwa kwa pamba hiyo ilipanda kutoka pwani kuja bara, na huku bara ilinunua pembe za ndovu, na ilinunua watu. Mtumwa wa ng'ambo moja ya bahari alitoa pamba iliyomfunga mtumwa wa ng'ambo nyingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokata pamba hiyo, nguo za Uingereza na za India zilichukua nafasi yake. Lakini jina la merikani lilibaki kinywani mwa watu, na wazee wetu waliendelea kulitumia kwa kitambaa chochote cheupe kigumu.

Wamisionari wa Mpwapwa hawakuwa nje ya mzunguko huo. Hapakuwa na sarafu iliyokubalika sokoni. Wapagazi, wajenzi na wauza mtama walilipwa kwa nguo na shanga. Kwa hiyo ghala la nguo ndilo lililokuwa benki ya misheni, na mtu aliyehubiri asubuhi habari za neema itolewayo bure alisimama jioni mbele ya ghala hilo akipima mikono ya kitambaa. Je, yule aliyekuja kujenga ukuta akakaa kusikiliza mahubiri alivutwa na Neno au na shuka? Swali hili limewasumbua watu wa misheni kila mahali, na mara nyingi limeulizwa kwa dharau dhidi ya waongofu wa kwanza. Sisi tunadhani limeulizwa vibaya. Ibilisi katika kitabu cha Ayubu aliuliza hivyohivyo, kama Ayubu amcha Mungu bure. Wala hatuoni kwamba Mungu alimjibu kwa kuwaondolea wacha Mungu wote mavazi yao.

Ngozi na msharasi

Inasemekana mara nyingi kwamba misheni ilileta ushonaji. Neno hili lahitaji kusahihishwa. Wagogo ni wafugaji na wakulima, na mavazi yao ya kale yalikuwa ya ngozi zilizofanyizwa kwa mikono, zikalainishwa kwa mafuta, zikapambwa kwa shanga. Anayejua ngozi anajua kwamba haishonwi kwa sindano ya kitambaa. Hutobolewa kwanza kwa msharasi, kisha uzi wa mishipa au wa nyuzi za mimea hupitishwa katika tundu. Kazi hiyo yataka nguvu ya mkono, jicho la kupima na subira. Magharibi ya Ugogo, katika Unyamwezi, Burton aliwakuta watu wakisokota pamba yao wenyewe na kufuma nguo kwa vitanda vya mfumi. Na Wafipa walijulikana sana kwa kazi hiyo hata nguo za viwandani zilipozidi kuja. Huko pwani wanawake walidarizi kofia za vito kwa matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, kazi ya majuma mengi kwa kofia moja. Hata kanga, kama inavyosimuliwa pwani, ilianza kwa sindano: wanawake walinunua leso za rangi zikiwa bado hazijakatwa, wakazishona pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana. Ni baadaye tu ndipo wafanyabiashara walipochapisha kipande kizima kwa mfano wa kazi ya mikono hiyo.

Basi mikono ilikuwapo, na akili ya kushona ilikuwapo. Kilichokuja na misheni ni sindano ya chuma kwa wingi, uzi wa kigurudumu, na wazo jipya juu ya mwili. Hapa ndipo penye jambo zito. Katika misheni nyingi za Afrika mtu aliyevaa ngozi alihesabiwa kuwa yu uchi. Kwa msomaji wa Mwanzo sura ya 3 jambo hili ni la kushangaza. Katika sura ile wanadamu ndio wanaoshona, nao hushona majani ya mtini ili kujificha. Na Mungu mwenyewe ndiye anayewafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Kwa maneno mengine, vazi la kwanza lililotoka mkononi mwa Muumba lafanana zaidi na lile la bibi yetu wa Kigogo kuliko gauni la pamba la Lancashire. Hatusemi hayo ili kurudisha ngozi makanisani. Twasema kwamba wahubiri waliosoma sura hiyo kila mwaka hawakuona yaliyokuwa mbele ya macho yao, na matokeo yake ni kwamba fundi wa ngozi, mwenye ujuzi wa vizazi vingi, alionekana hana kitu cha kuchangia katika Kanisa.

Saa ya ushonaji

Mwaka 1880 J. T. Last alihamia Mamboya, katika Ukaguru, pamoja na mke wake, ambaye anahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Ulaya kuishi bara katika nchi hii. Kwa kufika kwa wake za wamisionari, na baadaye kwa wamisionari wanawake waliotumwa kwa haki yao wenyewe, kazi ya wanawake ilianza kupata umbo lake, na umbo hilo lilikuwa la sindano.

Haikuwa ajabu. Wanawake hao walitoka katika Kanisa lililozoea jambo hilo. Huko Uingereza, tangu mwaka 1834 ambapo chama cha namna hiyo kilianzishwa katika mji wa Douglas, Kisiwa cha Man, baada ya mji kuokoka na kipindupindu, kulikuwa na vyama vya Dorkas vilivyokutana kushona nguo za maskini. Parokia nyingi zilikuwa na vikundi vya kazi vilivyoshona nguo na kuuza vitu vya mikono kwa ajili ya misheni. Tena, mwaka uleule wa 1876 ambao CMS walifika Mpwapwa, Mary Sumner, mke wa kasisi wa Old Alresford, alianzisha umoja wa akina mama ambao baadaye ulienea katika Anglikana yote, na katika Tanzania ukawa nguzo ya kila parokia. Katika makundi hayo mikono ilishona, mmoja akasoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Mfano huohuo ulisafirishwa hadi chini ya miti ya Ugogo.

Katika shule za misheni msichana alianza na pindo. Alipewa kipande cha merikani, akafundishwa kupiga bandi, kisha kushona pindo kwa mishono midogo iliyolingana. Kisha kutia kiraka kisichoonekana. Kisha tundu la kifungo, ambalo ndilo mtihani wa kweli wa mshonaji. Ndipo akafikia darizi, na kufuma vitambaa vya meza kwa kulabu, na sweta na soksi kwa sindano mbili za sufu. Kazi mbaya ilifumuliwa. Wengi wa wazee wetu wa kike, waliopita katika shule hizo miaka ya baadaye, hukumbuka zaidi ya yote kule kufumua.

Je, saa hiyo ilikuwa faida au hasara? Twaona pande mbili, wala hazilingani. Ushonaji ulifungua mlango ambao kitabu peke yake hakikuweza kuufungua. Mzazi aliyekataa binti yake asisome, akiogopa kwamba ataacha ndama na ng'ombe wa mahari, aliweza kukubali ajifunze kushona, kwa kuwa faida yake ilionekana kwa macho. Na msichana aliyeketi akishona alisikia Maandiko yakisomwa, akajifunza tenzi, na mara nyingi herufi zikafuata uzi. Huo ni upande wa kwanza, nao ni mzito.

Upande wa pili ni kwamba ushonaji uligeuka kuwa ukuta. Huko Mbweni, Zanzibar, katika shule ya misheni ya UMCA kwa wasichana waliokombolewa utumwani, chini ya Caroline Thackeray aliyefika mwaka 1877 na kuiongoza kwa robo karne, wasichana waliofanya vizuri darasani waliandaliwa kuwa walimu, na wale walioonekana wazito waliwekwa katika kazi za mikono: kushona, kufua, kupika. Ndivyo sindano ilivyokuja kuwa kazi ya wale waliodhaniwa hawana akili ya kitabu. Baadaye siasa ya elimu ilitia muhuri. Tume ya Phelps-Stokes, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa Mwafrika mashuhuri, James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 na kusisitiza elimu ya kazi, na kwa wasichana elimu ya nyumba. Serikali ya Kiingereza ilifungua chuo cha ualimu Mpwapwa mwaka 1926, na ualimu wa miaka ile ulikuwa hasa wa wanaume. Mwaka 1927 Dayosisi ya Tanganyika ya Kati iliundwa chini ya Askofu George Chambers, na wamisionari kutoka Australia wakachukua kazi; shule ya wasichana ya Mvumi ikaanza mwishoni mwa miaka ya 1920. Shule hiyo ilitoa walimu na wauguzi wengi, nasi twaiheshimu. Lakini katika shule nyingi ndogo za vijijini ratiba ya mchana ilikuwa wazi: mvulana alipewa hesabu, msichana akapewa pindo.

Vita, na njaa ya Mtunya

Vita vya kwanza vya dunia vilikuja Mpwapwa kwa njia ya kifungo. Wamisionari wa Kiingereza waliwekwa kizuizini na Wajerumani huko Kiboriani, juu ya milima ya Mpwapwa, kabla ya kupelekwa Tabora. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza, na nguo zikaadimika katika nchi yote. Ndipo lilipotokea jambo ambalo Walutheri twapaswa kulikumbuka. Jenerali von Lettow-Vorbeck ameandika katika kumbukumbu zake jinsi kusokota na kufuma kwa mkono kulivyorudishwa katika vituo vya misheni na nyumba za walowezi, na jinsi rangi ya kahawia ilivyopatikana katika mizizi ya mti wa porini kwa ajili ya sare za askari. Ujuzi ambao nguo za viwandani zilikuwa zimeufanya uonekane wa kishenzi ukawa tena wa lazima, lakini safari hii kwa ajili ya vita. Shetani naye anajua kutumia mikono.

Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa Ugogo. Kisha mvua zikakosa. Kati ya 1917 na 1920 ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, yaani ile ya kugombania. Inakadiriwa kwamba katika watu kama 150,000 walikufa 30,000. Katika njaa ya namna hiyo nguo hurudi kuwa fedha. Mtu huvua shuka yake na kuibadili kwa kibaba cha mtama, kisha huvua ya mtoto. Mchungaji anayeeleza Mathayo 25 katika Ugogo, juu ya mtu aliyekuwa uchi akavikwa, anapaswa kujua kwamba katika nchi ile uchi haukuwa fumbo. Usharika uliobaki baada ya Mtunya ulikuwa wa wajane na yatima wengi, na sindano haikuwa tena mapambo wala adabu. Ilikuwa njia ya kufanya vazi moja lililochakaa litoshe watoto wawili.

Mama mwenye sindano, baba mwenye cherehani

Isaac Singer alipata hati ya uvumbuzi wa cherehani yake mwaka 1851. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapita Gulwe, kusini ya mji wa Mpwapwa, na pamoja na reli walikuja wafanyabiashara wa Kihindi, maduka ya vitambaa, na mafundi waliokaa barazani mbele ya maduka hayo. Mteja alinunua kitambaa ndani, akakishonesha nje. Mpango huo umeonekana katika kila mji wa Tanzania hata siku zetu.

Sasa tutazame ni nani aliyekaa barazani. Ni mwanamume. Hili ni jambo ambalo historia yetu ya misheni ina wajibu wa kulieleza, kwa maana kwa miaka mingi waliofundishwa kushona darasani walikuwa wasichana, na walioshona kwa ujira walikuwa wanaume ambao hawakupita darasa hilo. Sababu hazijifichi. Ufundi cherehani ulikuwa kazi ya wanaume pwani na India, na ulipandishwa bara kwa desturi hiyo. Cherehani ilihitaji fedha au dhamana, na mwenye ujira alikuwa mwanamume. Baraza ni mahali pa hadhara, na mwanamke wa ndoa hakutazamiwa kukaa hapo kutwa. Lakini sababu ya nne ni yetu wenyewe: misheni ilifundisha ushonaji kama tabia njema, haikuufundisha kama kazi. Msichana alifundishwa tundu la kifungo. Hakufundishwa kukata kwa vipimo suti ya mteja, wala kuweka daftari la mapato. Alipomaliza shule alikuwa na mikono mizuri na hana mtaji.

Twende makanisani tukaone. Kanzu ya mchungaji, sare ya kwaya na vitenge vya jubilei hushonwa na fundi, naye hulipwa. Kitambaa cha madhabahu kilichodariziwa msalaba, mashada na maneno ya Maandiko hushonwa na akina mama, nao hutajwa katika matangazo kwa neno moja la shukrani. Uzi umetoka duka moja. Hatusemi kwamba sadaka ya mikono ilipwe. Sadaka ni sadaka. Twauliza kwa nini siku zote sadaka ya mikono ni ya upande mmoja.

Baada ya uhuru hali ilibadilika kwa hatua. Vilabu vya wanawake vya miaka ya 1950 viliendelea, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ukaundwa mwaka 1962, na ushonaji na ufumaji vikawa miradi ya kwanza ya vikundi vingi. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, yaliipa kazi ya mikono heshima mpya, angalau katika maneno. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vikafuata Mwanza, Musoma na Arusha. Kwa mara ya kwanza merikani ya Tanzania ilitoka Tanzania. Kisha ikaja vita ya Uganda ya 1978–1979 na miaka ya uhaba iliyofuata, ambapo doti ya khanga ilipangiwa foleni na kiraka kilirudi katika sare za shule. Tangu katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ikafurika. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa polepole, lakini nchi zilizosimama imara katika azimio hilo hazikuwa nyingi, na Tanzania haikuwamo. Fundi wa Mpwapwa leo hupunguza suruali ya Ulaya zaidi ya kukata suruali mpya, na mama mfumaji hununua sweta kuukuu, akaifumua, akapata sufu ya kufumia sweta ya mtoto kwa baridi ya Juni na Julai. Kufumua, ambako shuleni kulikuwa adhabu, kumekuwa chanzo cha malighafi.

Viraka kutoka Minnesota

Kuna namna moja ya ushonaji inayowahusu Walutheri kwa karibu zaidi. Ni blanketi la viraka, ambalo watu wa pwani wangeliweka karibu na mfarishi: vipande vya nguo vilivyounganishwa kuwa uso mmoja, kitu cha joto kikatiwa katikati, na tabaka zote zikafungwa kwa uzi. Katika sharika za Kilutheri za Marekani, kama zile za Minnesota na majimbo ya jirani, wanawake, wengi wao wazee, hukutana katika vyumba vya chini vya makanisa na kushona blanketi hizo kwa mabaki ya vitambaa. Shirika la misaada la Walutheri wa Marekani, lililoanzishwa mwaka 1945 kwa ajili ya wahanga wa vita vya Ulaya, huzikusanya na kuzipeleka duniani kote. Zimefika Tanzania pia, nchi ambayo tangu mwaka 1964 imekuwa na huduma ya Kikristo ya wakimbizi (TCRS) iliyoundwa kwa mapatano ya serikali, Umoja wa Mataifa na Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kama siku moja. Katika kambi za namna hiyo blanketi ni kitanda, ni mlango, ni mbeleko, na wakati mwingine ni sanda.

Baadhi ya wenzetu husema kwamba zawadi hizo ni mitumba ya namna nyingine, na kwamba fedha za kuzisafirisha zingewanunulia washonaji wa hapa vitambaa. Hoja hiyo ina nguvu mahali pasipo na dharura, nasi twakubali kwamba blanketi lililogawiwa bure katika kijiji kilicho na amani humharibia mfumaji wa kijiji hicho. Lakini usiku wa Ngara haukungoja mradi. Na kuna jambo jingine. Kwa karne moja na nusu nguo ilikuja huku kutoka Marekani kama bidhaa, ikinunua vitu na watu. Blanketi la viraka ni nguo ya kwanza kutoka huko, kwa kadiri ya wingi wake, isiyokuja kununua kitu chochote.

Tabitha wa Yafa

Katika Matendo 9 Luka anaeleza kifo cha mwanamke mshonaji. Wahubiri wetu huenda haraka kwenye ufufuo wake, na kwa sababu hiyo hupita juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba Luka anamwita mwanafunzi kwa neno la Kiyunani la kike, *mathētria*, ambalo halipatikani tena mahali popote katika Agano Jipya. Mwanamke pekee anayepewa jina hilo wazi ni mtu wa sindano. La pili ni wajane. Wanamwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea Dorkas alipokuwa pamoja nao, na kitenzi kilichotumika, kwa umbo lake, chaweza kumaanisha kwamba walizionyesha wakiwa wamezivaa. Hawakuleta orodha ya sifa za marehemu. Walileta miili yao iliyovikwa. Kazi yake ilikuwa historia yake, nayo ilisomeka mabegani mwa watu.

Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo, anapoeleza sehemu ya kwanza ya Imani, anaweka nguo na viatu katika orodha ya vitu ambavyo Mungu hutupa kila siku. Tukifuata mafundisho yake juu ya wito, hatuwezi kusema kwamba Mungu hutuvika isipokuwa kwa njia ya mtu aliyeshika sindano. Mikono yake ni kinyago ambacho Mungu amejificha nyuma yake. Ni ajabu kwamba Kanisa linalofundisha hivyo katika kipaimara limekuwa na ukimya mrefu kiasi hiki juu ya washonaji wake.

Mpwapwa ikawa dayosisi yake yenyewe mwaka 1991, na Simon Chiwanga akawa askofu wake wa kwanza. Historia ya miaka iliyotangulia hapo imeandikwa kwa barua za wamisionari na kumbukumbu za mikutano, nazo zitaendelea kutumika. Lakini katika sharika nyingi, za jirani zetu na zetu, kuna kabati la nguo za madhabahu. Ndani yake mna vitambaa vya kijani, zambarau, vyeupe na vyekundu, vingine vya miaka 50, vimetiwa viraka na mikono mitatu au minne tofauti. Mtazamaji aweza kuitofautisha kwa urefu wa mshono. Daftari la mali ya usharika huandika idadi yake na hali yake: kipya, kizuri, kimechakaa. Safu ya jina la aliyekishona haimo katika daftari. Wanafunzi wetu wanaokwenda katika mafunzo ya vitendo mwaka huu wameombwa waichore safu hiyo kwa rula, kisha wakae na wazee wa kike wa usharika, kitambaa kimoja baada ya kingine, na kuuliza.